Klorini Ikizidi, Bwawa la Faibaglasi Hupauka

Nyumba tunayopanga hapa Guildford ina bwawa dogo la faibaglasi. Januari iliyopita mvua ilinyesha siku tatu, maji yakageuka kijani, na watoto walishaalika wenzao Jumamosi. Mimi nesi, niliyezoea kuua vijidudu kwa Jik, nikamwaga vikombe kadhaa vya chenga za klorini pale kwenye ngazi. Asubuhi maji yalikuwa safi. Ngazi zilikuwa na mabaka meupe kama chokaa.

Faibaglasi ni ganda la nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa gundi ngumu. Juu yake hupakwa jelikoti, tabaka lisilofika unene wa milimita moja, ambalo ndilo lenye rangi na ndilo linalozuia maji yasifikie nyuzi. Nguvu ile ile ya klorini inayoua vijidudu hula pia rangi. Ikizidi wiki hadi wiki, ukuta hupauka, kisha ukiupapasa kiganja hutoka na unga mweupe. pH ikishuka, mambo huharibika haraka zaidi. Chenga zikilala sakafuni usiku kucha, kama zangu, hazingoji wiki. Rangi iliyoliwa hairudi. Mpauko mdogo fundi anaweza kuung'arisha. Mkubwa ni kupaka upya, na hapo jiandae kwa maelfu ya dola.

Bwawa la nyumbani linataka miligramu 1 hadi 3 za klorini kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.6. Pima kwa karatasi za kupimia, usitegemee pua: ile harufu kali inayowasha macho na kuwakohoza watoto wenye pumu mara nyingi ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo.

Chenga ziyeyushe kwenye ndoo. Maji yatangulie, klorini ifuate. Kamwe usichanganye na asidi wala klorini ya aina nyingine. Hutoka gesi inayochoma mapafu. Mwaga jioni, pampu ikizunguka. Ukizidisha, ondoa kifuniko, jua la Sydney litaipunguza. Ila usilikaushe bwawa, maana maji ya ardhini yanaweza kuliinua ganda tupu kama mtumbwi.

Dhamana ya nyumba hapa New South Wales inaweza kufika kodi ya wiki 4. Nilimwandikia wakala siku ile ile, nikaambatisha picha za ngazi. Ukaguzi ni mwezi ujao.