Maziko ya Bendera

Mbele ya afisi moja ya mji wetu wa pwani, ambayo nilikuwa nikiipita kila asubuhi niendapo sokoni, palikuwa na mlingoti, na juu ya mlingoti bendera ambayo siku niliposimama kuitazama nilidhani imeliwa na panya. Kumbe ni upepo. Bendera haianzi kuchakaa upande ulioshikana na henza, bali upande wa pili, ule unaopigapiga hewani mchana kutwa: kwanza hufumuka uzi wa upindo, kisha nyuzi za kitambaa zikachomoka kidogo kidogo hata ukingo ukaota ndevu, na ndevu nazo zikawa vipande virefu vinavyojisokota na kujifunga mafundo, na jua, ambalo halina haraka, hufyonza rangi mpaka kijani kikafanana na jani la mgomba lililokauka.

Nikamwamkia bawabu. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, mwanangu.” Nikamwuliza kwa nini bendera ile haibadilishwi. “Mimi,” akasema, “nimeamriwa kuitweka asubuhi na kuitua magharibi, wala sikuamriwa jambo jingine juu yake.” Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza neno ambalo ndilo lililonitia kuandika makala hii: “Na nikiitua isipande tena, niipeleke wapi? Jaani?”

Nguo nyingine zote zina mwisho wake unaojulikana. Kanga iliyochakaa huwa mbeleko, mbeleko ikawa winda la mtoto, na winda likaishia kuwa tambara la kupangusia sakafu, wala hapana aonaye haya kwa safari hiyo ya kushuka daraja. Bendera peke yake haina daraja la kushukia: leo watu wanaisimamia wima, na kesho, kwa sababu ya tundu mbili tatu, haiwezekani ikapangusiwa meza.

Katika mataifa, sijui lililolifikiri jambo hili kwa urefu kama Marekani, ambako bendera haipepei juu ya majumba ya serikali tu, bali kwenye baraza za nyumba, milango ya maduka, na makaburi ya askari, na kwa hiyo zile zinazochakaa ni tele. Tarehe 14 Juni 1923, siku iliyochaguliwa kwa kuwa bendera yao ilikubaliwa tarehe kama hiyo mwaka 1777, wajumbe wa vyama zaidi ya 60 walikutana Washington wakatunga kanuni za adabu za bendera. Na mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, Bunge lao likazitia kanuni hizo katika sharia. Mojawapo yasema kwamba bendera ikifikia hali ya kutofaa tena kuonyeshwa kama alama ya nchi, na iteketezwe kwa njia ya taadhima, na afadhali kwa kuchomwa moto. Raia asiyeifuata hana adhabu. Ni adabu iliyoandikwa, kama vile mtu aandikapo wasia.

Kwa vile kanuni hizo hazikueleza taadhima hiyo ifanywe vipi, watu wenyewe wakajitungia. Chama cha askari wastaafu, American Legion, kilipitisha mwaka 1937, hata kabla ya sharia, taratibu zinazofuatwa hata leo, na mtu aliyezoea mazishi yetu akizitazama hatazikuta ngeni. Wanachama hukusanyika nje, usiku, wakajipanga safu mbili zinazotazamana, kati yao nafasi ya futi 20 hivi, na mwisho wa safu umewashwa moto mdogo. Bendera zilizochakaa huletwa mbele ya wakuu wa chama, mmoja baada ya mwingine, nao huzikagua na kushuhudia kwamba kweli zimechoka kwa kutumika katika haki. Maana hapana ruhusa ya kuchoma bendera isiyochakaa. Baada ya ushuhuda, kasisi wa chama husoma dua. Kisha bendera huchovywa katika mafuta ya taa, zikalazwa juu ya chanja iliyo motoni, tarumbeta ikalia, na wote wakapiga saluti mpaka amri ya kushusha mkono itolewe. Wako maskauti ambao hukata kwanza mistari myekundu na myeupe wakaitia motoni mmoja mmoja, ila lile pande la buluu lenye nyota hawalikati kabisa, kwani nyota ni majimbo, na majimbo hayakubaliwi kutenganishwa hata katika mauti.

Kwa hakika mambo siku hizi yamekuwa na taabu yake. Sharia ile ilitungwa zama za pamba na sufu, vitu viunguavyo vikawa jivu. Bendera za leo aghalabu ni za nailoni au polyesta, ambazo motoni huyeyuka, zikadondoka matone, zikatoa moshi mbaya kwa mapafu. Ndiyo maana wengine huzizika ndani ya sanduku, au kuzipeleka viwandani kitambaa kikatumike tena. Mimi sioni dhambi katika hilo la kiwanda, ingawa nakiri halina tarumbeta.

Lakini penye uzito zaidi ni hapa: moto ule ule uliowekwa na sharia kuwa heshima ya mwisho ndio uliotumiwa na watu wengine kuitukana bendera. Mwaka 1984, mjini Dallas, chama cha Republican kilipokuwa katika mkutano wake mkuu, mtu mmoja jina lake Gregory Lee Johnson aliichoma bendera hadharani kwa kuipinga serikali, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Kesi ikapanda hata Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1989, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema kwamba kitendo kile ni namna ya kunena, na kunena kunalindwa na Katiba. Bunge likaghadhibika, likatunga mwaka huo huo sharia ya kukataza uchomaji, lakini likalazimika kutia humo kifungu cha kwamba katazo halimhusu mwenye kuiondosha bendera iliyochakaa au kuchafuka, la sivyo wazee wa American Legion wangalipelekwa jela pamoja na tarumbeta yao. Mwaka 1990 mahakama, tena kwa kura 5 kwa 4, ikaitangua sharia hiyo nayo, na Jaji Brennan, mwandishi wa hukumu, hakukosa kukionyesha kidole kifungu kile. Fakihi wa kwetu angelimaliza shauri hilo kwa neno moja, nia. Ila mahakimu hawana mizani ya kupimia nia ya mtu. Katika maelezo ya kesi hiyo ya Dallas limeandikwa jambo dogo ambalo wengi hulipita: waandamanaji walipokwisha tawanyika, mtu mmoja aliyeshuhudia alikusanya mabaki ya bendera ile, akaenda nayo nyumbani, akayazika uani kwake.

Katika India nako, Kanuni za Bendera za mwaka 2002 zaagiza bendera iliyoharibika iteketezwe nzima, isikatwe vipande, na jambo hilo lifanywe faraghani, afadhali kwa moto. Moyo wangu waelekea huko zaidi. Maiti huoshwa nyuma ya pazia.

Na sisi watu wa pwani tulikwisha kuijua elimu hii kwa mlango mwingine. Kurasa za msahafu zilizochakaa hazitupwi: wako wanaozifukia mahali safi pasipokanyagwa na miguu, wako wanaozizamisha majini, na wako wanaozichoma, wakitoa hoja kwamba Sayyidna Uthman bin Affan, alipokwisha kuueneza msahafu mmoja, aliamuru nakala nyinginezo zichomwe. Sithubutu kulinganisha maneno ya Mwenyezi Mungu na kitambaa kilichoshonwa kwa cherahani. Nasema tu kwamba mkono uliofundishwa kutoiacha karatasi ile ikapeperuka njiani haushindwi kujua la kufanya na bendera.

Ipo bendera moja ya Marekani ambayo haikuchomwa wala haikuzikwa, nayo ni ile iliyoshonwa Baltimore mwaka 1813 na Mary Pickersgill pamoja na wasaidizi wake, ikapepea juu ya ngome ya Fort McHenry mwezi wa Septemba 1814. Ilikuwa na urefu wa futi 42. Leo, katika chumba chenye mwanga hafifu cha jumba la makumbusho la Smithsonian, imebaki futi 34, na nyota moja katika 15 haipo. Upepo ulikula kidogo. Sehemu nyingine iliyopotea ilikatwa kwa mkasi na jamaa waliorithishwa, wakagawa vipande kwa marafiki kuwa ukumbusho, kila mmoja kwa mapenzi.

Nilipopita tena mbele ya ile afisi, baada ya mwezi na ushei, juu ya mlingoti palikuwa na bendera mpya, rangi zake kali hata zaumiza macho. Nikamwuliza mzee ile ya zamani imekwenda wapi. Akanivuta ndani ya kibanda chake, akafungua saraka, akaondoa daftari la wageni na tochi isiyo na betri. Ilikuwa chini kabisa, imekunjwa vizuri kama shuka la kuazima, ndevu zake zote zimeingizwa ndani. “Hawajaniambia bado,” akasema, akaifunga saraka kwa ufunguo.