Utangulizi: Mtaalamu wa Kompyuta Mbele ya Jaji

Wafanyabiashara wawili wanagombania mkataba. Mmoja anatoa barua pepe, mwenzake anaapa kwamba hakuiandika. Mwajiri anadai kuwa mfanyakazi aliyeacha kazi aliondoka na orodha ya wateja kwenye flashi. Zamani shauri la namna hii lilimhitaji mtaalamu wa mwandiko. Sasa jaji anahitaji mtu wa kumweleza faili liliundwa lini, lilibadilishwa lini, na kwenye mashine ipi. Karibu, msomaji, katika kazi ya mtu huyo.

Anaanza kwa kutoigusa kompyuta yenyewe. Kuiwasha tu hubadilisha mafaili mengi, na upande wa pili utauliza nani aliyabadilisha. Kwa hiyo diski huunganishwa na kifaa kinachosoma bila kuandika, kisha hunakiliwa yote, hata sehemu zinazoonekana tupu, kwa kuwa faili lililofutwa mara nyingi hubaki palepale hadi lifunikwe na jingine. Nakala hiyo hupigiwa hesabu iitwayo hashi. Kwa kanuni ya SHA-256 matokeo yake ni herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata mkato mmoja, matokeo yote hubadilika. Miaka ikipita, mtaalamu wa upande wa pili anaweza kurudia hesabu na kuthibitisha kwamba hakuna kilichochezewa. Kila anayepokea diski husaini. Pengo katika mnyororo wa utunzaji wa kielelezo huweza kukiangusha kielelezo chenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mahakama Kuu ya Uingereza. Craig Wright alidai kuwa yeye ndiye Satoshi Nakamoto, mwandishi wa waraka wa Bitcoin wa Oktoba 2008. Muungano wa makampuni uitwao COPA ukampinga mahakamani, na mtaalamu wake, Patrick Madden, akazifungua nyaraka za Wright moja baada ya nyingine. Mojawapo, iliyodaiwa kuwa ya 2008, ilibeba ndani yake majina ya fonti zilizotolewa 2012. Mafaili yaliyoonyesha tarehe za 2007 yalikutwa kwenye nakala ya diski iliyohaririwa Septemba 2023, saa ya kompyuta ikiwa imerudishwa nyuma. Machi 2024 Jaji James Mellor alitamka kuwa Wright si Satoshi, na katika hukumu ya maandishi ya Mei akaeleza ughushi huo kwa kirefu. Hata wataalamu walioletwa na upande wa Wright walikubaliana na Madden katika sehemu kubwa. Kwangu hapo ndipo heshima ya taaluma hii ilipo: mtaalamu analipwa na upande mmoja, lakini wajibu wake ni kwa mahakama.

Kwetu pia sheria ipo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania, ya 2015, kinaitaka mahakama ipime jinsi data ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kwa kumbukumbu za kielektroniki.

Kutambua mtumaji ndiko kugumu. Mashine inaweza kuonyesha kwamba akaunti fulani ilifunguliwa kwa nywila sahihi, lakini haionyeshi vidole vya nani vilikuwa kwenye kibodi. Anayeruka kutoka kwenye akaunti hadi kwa mtu bila ushahidi mwingine ameacha sayansi na kuwa wakili. Saa nazo zina mitego. Barua iliyotumwa saa saba usiku Dar es Salaam huweza kusomeka kwenye seva kuwa ya saa 22:00 ya siku iliyotangulia, kwa sababu seva nyingi hufuata saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Mkataba uliokuwa unamalizika usiku huo unaweza kufa au kupona hapo.

Anayetaka kujaribu asisubiri cheti cha chuo. Chukua flashi kuukuu, weka picha kadhaa, futa moja, nakili flashi yote kwa programu ya bure kama FTK Imager, piga hashi, kisha itafute ile picha kwa programu kama Autopsy. Andika kila hatua na saa yake, kwa maneno ambayo hakimu asiyewahi kufungua kompyuta ataweza kuyafuata.