Kupunguza Uzito wa Jambo

Katika makazi ya wakimbizi ya Oruchinga na Nakivale, yaliyomo katika Wilaya ya Isingiro ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya Mbarara, Kiswahili ni lugha ya Wakongo, Warundi na wengine wengi, ilhali karatasi za ofisini huandikwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo mkalimani anapokutana na kitenzi cha Kiingereza kinachohitaji uangalifu: "downplay".

Maana yake ni kulifanya jambo lionekane dogo kuliko lilivyo, tena kwa kukusudia. Si kukana, maana akanaye husema jambo halikuwapo. Wala si kupuuza, maana apuuzaye halishughulikii kabisa. Mwenye kupunguza uzito hukubali kwamba jambo lipo, ila hulivisha neno dogo. Kitenzi kilicho ndugu yake, "understate", chaweza kumhusu hata aliyekosea bila nia, mathalani karani aliyeandika magunia machache kuliko yaliyomo ghalani.

Kiswahili nacho kina desturi hiyo, na mara nyingi ni adabu. Mtu huulizwa, "Hujambo?" Hujibu, "Sijambo," kisha ndipo aeleze kwamba mtoto hajalala siku mbili. Barazani hiyo ni staha. Zahanatini ni hatari. Mama akisema mtoto ana "homa kidogo", na mkalimani akafasiri vivyo hivyo, huenda mtoto mwenye malaria akarudishwa nyumbani bila kupimwa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Askari nao wana funzo lao. Mwezi Aprili 1951, katika vita vya Korea, Brigedia Tom Brodie wa Uingereza alimweleza jenerali wa Kimarekani kwamba mambo kwenye Mto Imjin yalikuwa magumu kidogo. Kwa Mwingereza, maneno hayo yalimaanisha hatari kubwa. Mmarekani akaelewa kwamba kikosi kingeweza kujimudu. Batalioni ya Gloucestershire ilizingirwa, na askari wake wengi wakauawa au kutekwa.

Lakini lililo baya zaidi ni kupunguza uzito wa mateso ya mwingine. Mwezi Oktoba 1982, maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa majumbani mwao katika Mbarara na sehemu za jirani. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaporwa. Wengine walivuka mpaka kuingia Rwanda. Wengine walisongamana katika makazi ya Nakivale na Oruchinga. Asemaye kwamba watu hao "walihamishwa" hajatunga uongo, kwa kuwa kweli walitoka mahali wakaenda pengine. Lakini moto na ng'ombe vimetoweka katika maneno yake. Hiyo ndiyo "downplay" kamili.

Hivyo basi, mwenye kupunguza uzito wa maumivu yake mwenyewe huenda ni mvumilivu. Mwenye kupunguza uzito wa maumivu ya mwenzake humdhulumu mara ya pili. Polisi anayeandika maelezo na aandike nyumba ngapi, watu wangapi, saa ngapi. Mzazi aliye zahanatini na aseme homa ilianza lini, na mtoto ametapika mara ngapi. Hesabu haina haya, nayo haijui "kidogo".