LEKA DUTIGITE! Siku Kigoma ilipojitungia wimbo

Mpenzi msomaji, jaribu kusema mbele ya watoto wa mjini kwamba kwenu Kigoma. Jibu unalijua: "Aaa, mwisho wa reli!" Halafu utaulizwa dagaa, migebuka na mawese. Mwenye mdomo mchafu ataongeza kama una hakika wewe si Mrundi. Sie wa huko tumezoea kucheka, lakini siyo siri, inauma. Mimi nimewahi kusimamishwa dirishani kwenye ofisi moja nikitajishwa mababu zangu wote, wakati mwenzangu wa mkoa mwingine kapita kwa jina lake tu.

Ndiyo maana sitausahau mwaka 2012. Mwaka huo Zitto Kabwe, akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliwakusanya wasanii wenye asili ya mkoa huo wakaitwa Kigoma All Stars. Walikuwemo Diamond, Mwasiti, Ommy Dimpoz, Linex, Peter Msechu, Baba Levo na wengineo. Wakatoa wimbo mmoja, "Leka Dutigite". Hicho ni Kiha, ndugu yangu. Maana yake: acha tujidai! Kisha wakaupeleka nyumbani, Uwanja wa Lake Tanganyika.

Sasa usinichekeshe ukasema wimbo ni wimbo tu. Hapo kabla, ukitaka kutoka kimuziki ulipanda treni kwenda Dar, na ukifika huko Kiha unakificha kama pengo la jino. Safari hii treni iligeuza. Neno la Kiha likawa kichwa cha wimbo, na vijana wa Tandale na Kinondoni wakalitamka bila kujua wanatamka lugha ya nani. Sijui dawa gani ya kejeli inayoizidi hiyo.

Na wala jambo hili la mji kujiagizia muziki wake si la ajabu. Kuna mji wa wavuvi Uingereza unaitwa Aldeburgh. Mtunzi Benjamin Britten na wenzake walianzisha tamasha hapo mwaka 1948, na nyimbo mpya zikawa zinatungwa na kupigwa kwa mara ya kwanza hapo hapo. Mwaka 1958 akatoa mchezo wa kuimba kuhusu Nabii Nuhu na safina, ukachezwa kanisani kijiji cha jirani cha Orford. Waimbaji na wapigaji wengi walikuwa watoto wa shule za huko. Unajua sauti ya matone ya mvua waliipataje? Walining'iniza vikombe vya chai kwenye kamba wakavigonga! Ala za bei mbaya hazikuhitajika.

Hebu niambie, Ujiji tunakosa nini? Nuhu ana safina, sisi tuna Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa vitani mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Hiyo peke yake ni nyimbo kumi! Tuna ngoma za Waha, kwaya za makanisani, kaswida za Ujiji, na rhumba inayovuka ziwa kutoka Kongo.

Tatizo letu ni moja: mambo yetu ni ya mara moja. Mwishoni mwa 2019 Diamond alirudi Kigoma kusherehekea miaka kumi ya muziki wake, mji ukafurika. Safi sana. Lakini sherehe ya staa ni ya staa. Asubuhi jukwaa linafunguliwa, spika zinapakiwa, na binti wa Kibirizi mwenye sauti yake anabaki anaanika dagaa.

Mimi ushauri wangu ni mwepesi. Kila mwaka, watu wa Kigoma popote walipo wachange. Wateuliwe watunzi watatu wa huko huko, walipwe, siyo kupewa soda na ahsante. Kila mmoja alete wimbo mpya ambao haujasikika popote, na sharti liwe moja: usikike kwanza Kigoma. Dar watausubiri, kama sisi tulivyozoea kusubiri.

Wakubwa wenye pesa zenu, mnasikia? Kujidai tumeshaanza. Msituache tujidai siku moja tu.