Uwakala wa forodha Busia na Malaba: kubaki au kuondoka?

Leseni ya wakala wa forodha huisha kila tarehe 31 Desemba. Siku hiyo ikikaribia, mawakala wengi wa Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hulazimika kupima swali walilolikwepa mwaka mzima: kulipia leseni tena, au kutafuta kazi nyingine.

Hadi mwaka 2014, shehena ya Uganda ikifika Malaba ilihitaji mtu wa kuandaa entri, kukimbiza karatasi kutoka dirisha hadi dirisha, na mwenzake ng'ambo aanze upya. Ilipokuja Himaya Moja ya Forodha, ushuru wa Uganda ukawa unalipwa mzigo ukiwa bado Mombasa. Vikafuata vituo vya pamoja vya mpakani, ambako lori husimama mara moja tu, katika nchi linayoingia. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018. Wasafirishaji walipata nafuu kubwa. Mawakala wa mpakani waliona kazi yao ikihamia Pwani.

Hata mfanyabiashara mdogo wa Busia hamhitaji wakala kama zamani. Mama anayevusha magunia ya maharagwe yaliyolimwa Uganda, yenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha uasili papo hapo mpakani.

Kwa hiyo anayeuza miguu yake, yaani kupanga foleni na kubeba faili, ni heri aondoke mapema. Sioni kazi ya aina hiyo ikirudi.

Lakini ipo kazi nyingine ndani ya uwakala, nayo ni ushauri. Mteja analeta ankara iliyoandikwa "vipuri", basi. Vya trekta au vya gari? Vipya au vilivyotumika? Jibu ndilo linaloamua mzigo uingie fungu gani katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ambao tangu Julai 2022 una viwango vinne vikuu: 0, 10, 25 na 35 kwa mia. Wakala akikosea, gharama haiishii kwa mteja. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 humhesabu wakala kama mwenye mali, na anaweza kudaiwa ushuru huo yeye mwenyewe. Ni mzigo mzito, na ndiyo sababu ujuzi huo una thamani.

Mwezi wa Machi 2021 ulionyesha hilo wazi. Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikaruhusu, ila kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuthibitisha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wakati kama huo mwenye lori lililojaa mahindi anamtafuta mtu aliyeusoma waraka wa masharti hayo na kuuelewa.

Tatizo ni malipo. Wateja wengi wamezoea kulipia entri, na ushauri wanauona kama nyongeza ya bure. Wakala kijana anayetaka kudumu Malaba miaka 20 aanze na hilo: apate waagizaji wachache wa kudumu, akubaliane nao ada ya kila mwezi kwa maandishi, na ahesabu kama ada hizo pekee zinaweza kumlipia kodi ya ofisi na leseni. Zikishindwa kwa miaka miwili mfululizo, ajaribu Mombasa.