Sauti za Kiwandani: Utangulizi kwa Wanaojifunza Kuzipima Sinthesaiza za Kompyuta

Sauti ya kwanza unayoisikia ukifungua sinthesaiza mpya kwenye kompyuta ni kazi ya mtu. Kuna fundi aliyekaa na programu hiyo kabla yako, akachagua mawimbi, akafunga na kufungua kichujio, akaamua kama sauti ianze kwa kishindo au ichomoze polepole, akaipa jina, akaipanga juu ya orodha. Sauti hizi za kiwandani, ambazo studioni tumezoea kuziita priseti, ndizo mlango wa somo ninalokukaribisha: namna ya kuisikiliza ala ya kielektroniki na kuitolea hukumu inayosimama.

Nimeanzia kwenye priseti kwa makusudi. Wapo mafundi wazuri wanaowakataza wanafunzi wao wasizisikilize kabisa, kwa hoja kwamba ala ipimwe kwa uwezo wake na si kwa mapambo aliyoivika muuzaji. Wapo pia wanunuzi wanaopitia priseti ishirini, wakitikisa kichwa au kukunja uso, na wakamaliza hukumu hapohapo. Mimi nazichukua priseti kama ushahidi. Shahidi hafukuzwi barazani kwa sababu ana upande wake, anahojiwa. Unataka kujua yeye ni nani, aliona nini, na ana maslahi gani katika anachokisema.

Ilikuwapo enzi ambayo shahidi huyu hakuwapo. Minimoog, iliyotoka Marekani mwaka 1970, haikuwa na kumbukumbu yoyote. Mpigaji aliyetaka kuirudia sauti ya jana ilibidi awe ameandika karatasini kila kitufe kilikoelekea. Kuipima ala hiyo dukani kulikuwa ni kuizungusha mwenyewe mpaka itoe kitu. Mambo yalibadilika mwaka 1978, pale Dave Smith na kampuni yake ya Sequential Circuits ya California walipotoa Prophet-5, sinthesaiza iliyotumia kompyuta ndogo ndani yake kuhifadhi sauti 40. Mteja sasa aliweza kubonyeza kitufe kimoja na kusikia sauti iliyokwisha kukamilika, na mtengenezaji naye akapata nafasi ya kuzungumza na mteja bila muuza duka kusimama katikati.

Lakini ala iliyolifanya suala hili liwe zito ni Yamaha DX7 ya mwaka 1983, na hapo naomba tukae kidogo, kwa kuwa karibu maswali yote ya somo letu yamo ndani yake. Mbinu yake ilitokana na John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyegundua katika miaka ya 1960 kwamba wimbi moja likitikiswa kwa kasi na wimbi jingine, huzaliwa sauti tata yenye rangi nyingi. DX7 ilikuwa na mawimbi sita kwa kila sauti, yaliyoweza kuunganishwa kwa mipango 32. Kwenye karatasi huo ni utajiri mkubwa. Mbele ya mpigaji ulikuwa fumbo: kidirisha kidogo cha mistari miwili, vitufe bapa, na kitelezi kimoja cha kubadilisha namba. Ukiongeza namba moja sauti inang'aa. Ukiongeza nyingine kidogo tu inageuka kelele. Wachache walizama humo na kuibuka na sauti zao wenyewe, mwanamuziki Brian Eno akiwa miongoni mwao. Walio wengi walipiga walichokikuta.

Walichokikuta kilikuwa kazi ya mafundi kama David Bristow na Gary Leuenberger. Priseti iitwayo E. PIANO 1 ilisikika katika nyimbo za mapenzi za miaka hiyo kiasi kwamba anayeijua anaitambua kwa noti moja. Watu wameilaumu kwa kuzoeleka kwake. Mimi naona ni moja ya hoja bora zilizowahi kujengwa kwa sauti. Gusa kitufe taratibu, unapata mlio laini wa duara. Piga kwa nguvu, kengele inachomoza juu yake. Nguvu ya kidole haiongezi ukubwa wa sauti peke yake, inabadilisha rangi yake. Hicho ndicho mbinu ya Chowning ilichokuwa ikikifanya vizuri zaidi ya sinthesaiza za vichujio zilizoitangulia, na Bristow na mwenzake hawakukieleza kwa maneno. Walikiweka chini ya vidole vya mnunuzi. TUB BELLS inafanya kazi hiyohiyo kwa upande wa metali. Sasa sikiliza sauti za nyuzi katika orodha ileile: ni nyembamba, zimekaza. Fundi hodari, ala ileile, na bado hazikunyooka. Priseti dhaifu iliyotoka mkononi mwa fundi anayejua inakuonyesha mpaka wa ala vizuri kuliko tangazo lolote.

Swali la kwanza la kumhoji shahidi wetu basi ni hili, nalo litakufaa hadi leo: priseti hii inaonyesha kitu ambacho ala hii pekee inakiweza, au ingeweza kutoka kwenye programu yoyote?

Swali la pili, kinabaki nini ukiivua sauti mapambo yake, limezaliwa na ala nyingine. DX7 haikuwa na mwangwi wa ndani. Ukumbi mpana unaousikia kwenye rekodi uliongezwa na studio. Roland D-50 ya mwaka 1987 ilikuja na mwangwi wake yenyewe, na priseti zake, ambazo Eric Persing alikuwa mmoja wa waliozitengeneza, zilijaza chumba kwa kidole kimoja. Ni sauti ninazozipenda kwa dhati. Lakini tangu hapo msikilizaji ana kazi ya ziada, kwa kuwa mwangwi na kutandazwa kwa sauti kushoto na kulia humsisimua mtu kabla hajaisikia sauti yenyewe. Sinthesaiza za kompyuta zimelirithi jambo hili kwa ukubwa, na priseti ya kwanza kwenye orodha mara nyingi ni wingu la sauti linalojibembeleza lenyewe. Zima efekti zote. Kisha shusha priseti zote unazozilinganisha hadi ziwe na ukubwa mmoja wa sauti, maana sikio humpendelea anayepaza sauti, na hakuna mazoezi yatakayoliponya kabisa. Kinachobaki baada ya hapo ndicho unachokipima.

Nimeona wanafunzi wakikata tamaa katika hatua hii, sauti iliyowaliza machozi ikigeuka mlio mkavu. Sikuambii uidharau. Mlio mkavu wenye uhai, unaobadilika kidogo kila noti inaporudi, ni dalili ya programu iliyoandikwa kwa uangalifu. Mkavu uliokufa hauokolewi na mwangwi. Utaugundua siku utakapouweka kati ya ngoma, gitaa na mwimbaji, kwa sababu priseti nyingi zimetengenezwa zisikike zikiwa peke yake. Sinthesaiza ya kompyuta iitwayo Diva, ya kampuni ya u-he ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 2011, inaonyesha upande mwingine wa jambo hilo: imesifiwa kwa kuiga saketi za zamani kwa umakini mkubwa, na umakini huo unaidai kompyuta nguvu nyingi. Priseti moja itakufurahisha. Nne kwa pamoja zinaweza kuilemea laptopu ya kawaida, na hukumu yako lazima itaje laptopu hiyo.

Je, priseti ni sehemu ya ala, au ni vazi tu? Sinthesaiza ya kompyuta iitwayo Vital inalijibu swali hilo kwa namna ninayoiona kuwa wazi mno. Matt Tytel aliitoa mwaka 2020, na anayechukua toleo la bure anapata injini ya sauti ileile anayoipata mlipaji, ila na priseti 75. Wanaolipa wanapata mamia. Kinachouzwa hapo ni kazi ya mafundi wa sauti pamoja na majedwali ya mawimbi wanayoyatumia. Upande wa pili ipo FLEX, iliyoingizwa ndani ya FL Studio mwaka 2019, programu ambayo studio nyingi za Bongo Fleva na za Nairobi zinaifahamu. FLEX haikupi nafasi ya kujenga sauti kutoka mwanzo. Unachagua priseti na kuirekebisha kwa vitelezi vichache. Kumlaumu anayeipima kwa priseti zake ni kumwonea. Dexed nayo, inayoiga DX7 bila malipo, inasoma mafaili ya sauti za DX7 yenyewe, kwa hiyo unaweza kumhoji shahidi wa mwaka 1983 leo jioni nyumbani kwako.

Baada ya mahojiano fungua sauti tupu, ile ambayo programu nyingi huiandika "Init": wimbi moja, kichujio kimelegea, hakuna pambo. Jaribu kuijenga upya priseti uliyoipenda. Ukifika karibu yake bila kuhangaika, ala inakuelewa. Ukishindwa, rudi uifungue priseti ile na ufuatilie kila uunganisho alioufanya fundi. Hakuna darasa bora la sinthesaiza kuliko hilo, nami bado nalihudhuria.

Yapo hata hivyo mambo ambayo priseti hazitayasema kamwe, na moja linatugusa sisi moja kwa moja. Karibu priseti zote zimetengenezwa kwa ngazi ya noti kumi na mbili zilizo sawa. Taarab ya Unguja, inayopigwa kwa udi, kanuni na fidla, inatumia ngazi za maqam kama rast na bayati, zenye noti zinazokaa katikati ya vitufe vya kinanda. Taarab ya kisasa iliposhamiri miaka ya 1990 na kinanda cha umeme kikachukua mbele, noti hizo ziliminywa. Programu kadhaa leo zinaruhusu ngazi ya noti ibadilishwe. Surge, ambayo msimbo wake uliachwa wazi kwa umma mwaka 2018, inapokea mafaili ya ngazi hizo. Huwezi kulijua hilo kwa kuvinjari orodha ya sauti zake hata usiku kucha. Mpiga kinanda wa Ng'ambo, hapo Unguja, anayetafuta ala ya kumsindikiza mwimbaji katika rast aulize kwanza kama noti ya tatu inashuka robo, kisha ndipo asikilize kama sauti ni tamu. Sura ya kwanza inaanzia kwenye kipimo hicho cha ngazi ya noti, na utahitaji kinanda, spika mbili zinazosema kweli, na sinthesaiza yoyote ya bure kati ya nilizozitaja.