Mpunga, Mchele na Chenga: Jinsi Forodha Inavyopanga Mizigo

Wakulima wa Mwea, shehena ya mchele wa ng'ambo ikifika Mombasa, ofisa wa forodha huuliza kwanza, "Hiki ni kitu gani?" Jibu lake ndilo linaloonyesha ushuru utakaolipwa, na ushuru huo hupandisha au hushusha bei ya mchele utakaoshindana na wako pale Wang'uru.

Ili nchi zote zijibu kwa namna moja, kuna jedwali la bidhaa linalosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels. Lilianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Kila bidhaa ina namba ya tarakimu sita. Mbili za kwanza ni sura, mbili zinazofuata ni kichwa, na mbili za mwisho ni fungu. Nafaka zimo katika sura ya 10, na kichwa chetu ni 10.06.

Sisi hatuchanganyi mpunga na mchele. Forodha nayo haichanganyi:

1006.10 ni mpunga wenye maganda yake.
1006.20 ni mchele uliotolewa maganda tu, ungali wa kahawia.
1006.30 ni mchele uliokobolewa nusu au kabisa, yaani mchele mweupe.
1006.40 ni chenga.

Vitu vingine vya mpunga vimo penginepo. Majani makavu na maganda ni 12.13, pumba ni 23.02, unga wa mchele ni 11.02, na wali uliokwisha kupikwa ni 19.04.

Angalia kwamba katika tarakimu hizo sita jina la pishori halimo. Pishori na mchele mweupe wa bei rahisi ni 1006.30 yote miwili.

Sasa tuhesabu ushuru. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mchele ni asilimia 75 ya thamani au dola 345 kwa tani, lolote lililo kubwa. Lakini kwa miaka kadhaa Kenya imeruhusiwa kutoza asilimia 35 au dola 200. Tuseme tani moja ina thamani ya dola 400. Asilimia 35 ni dola 140; 200 ni kubwa zaidi, basi zitalipwa 200. Tani ya dola 700 italipa dola 245.

Liko swali jingine: "Umetoka wapi?" Mchele uliolimwa Tanzania, ukiwa na cheti cha kuthibitisha hivyo, haulipi ushuru huo, kwa maana Tanzania imo katika Jumuiya.

Tena Serikali yaweza kuondoa ushuru kwa muda. Julai 2025 ilitangaza ruhusa ya kuingiza tani 500,000 za mchele mweupe bila ushuru. Shauri likapelekwa Mahakama Kuu ya Kerugoya, ambayo mwezi wa Agosti ilisimamisha ruhusa hiyo kwa muda.

Basi, mkulima, ukisikia tangazo la namna hiyo, uliza mambo manne: ni fungu gani, kutoka wapi, tani ngapi, na mpaka lini? Kisha ndipo uamue kuuza mpunga wako sasa au kuuweka ghalani. Na kwa kuwa forodha haiwezi kukulindia jina la pishori, lilinde mwenyewe: usikubali mchele mwingine uchanganywe katika gunia lako.